Jimbo Halina Roho: Tusiitumie Karma Kuhesabia Kura za Mtwara na Lindi

Mwandani wa Ligula (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu wakubwa kwa wadogo.

Naleta uzi huu kwa sababu ya neno moja lililoingia katika mazungumzo yetu ya uchaguzi hapa Kusini, ambalo sasa kila mtu analitumia kufungia mjadala. Neno lenyewe ni karma, fundisho la Kihindu kwamba tendo la mtu humrudia mwenyewe, hata katika maisha yajayo. Katika mjadala wa bei ya korosho, mchangiaji mmoja aliandika kwamba tabu zote tulizozipata ni karma ya kura za mwaka 2015, pale Mtwara Mjini na majimbo kadhaa ya mkoa wa Lindi yalipochagua wabunge wa upinzani, na kwamba msimu wa 2018 ulipovurugika tulikuwa tukilipwa kwa mikono yetu wenyewe. Hapo hapo akajibiwa na mwenzake kwamba karma ipo kweli, ila ni ya kuwarudisha madarakani wale waliotuumiza. Watu wawili wasiokubaliana hata juu ya jina la mgombea wakawa wanapigana kwa rungu moja, na hakuna aliyeuliza rungu hilo lilichongwa wapi na kwa kazi gani.

Mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Ndanda. Nililisikia fundisho hili mara ya kwanza dukani. Nilipokuwa mtoto nilitumwa chumvi kwa mzee mmoja Mhindu, na siku hiyo duka lilikuwa halina watu. Alichukua punje za chumvi ya mawe akazitia katika glasi ya maji, akanituma kwanza nipeleke mzigo nyumbani kisha nirudi. Niliporudi akaniambia nimtolee chumvi yake. Nikachungulia, haipo. Akanionjesha maji ya juu, akamwaga kidogo akanionjesha ya katikati, akamwaga tena akanionjesha ya chini, na kila mara aliniuliza, "Vipi?" nami nikajibu, "Chumvi." Miaka mingi baadaye nikiwa chuoni ndipo nilipokutana na kisa hicho katika Upanishadi, yaani maandiko ya kale ya Wahindu, ile iitwayo Chandogya, ambamo Uddalaka anamfundisha mwanawe Shvetaketu, kijana aliyerudi kutoka masomoni akijiona amemaliza elimu yote. Baba anamwambia kwamba kiini kisichoonekana kinachoenea katika kila kitu ndicho kilicho kweli, ndicho atman, na kwamba "hicho ndicho wewe".

Naomba tukae kidogo hapo, kwa sababu tafsiri yetu ya kila siku ndiyo inayotupoteza. Tunasema atman ni roho, na tukishasema hivyo tunabeba kila kitu ambacho Kiswahili kimekipakia neno hilo. Kwetu roho huuma, roho hutamani, roho huwa juu, na mtu mchoyo tunasema ana roho ya korosho. Atman ya Upanishadi haifanyi lolote kati ya hayo. Upanishadi nyingine, Katha, inatoa mfano wa gari la farasi: mwili ni gari, hisi ni farasi, akili inayotangatanga ni hatamu, busara ni mwendeshaji, na atman ni abiria aliyeketi. Farasi wakikimbilia nyasi za kando ya njia, si abiria aliyezitamani. Kinachobeba alama za matendo kutoka maisha haya hadi yajayo, kwa maelezo ya shule nyingi za Vedanta, yaani falsafa inayotokana na Upanishadi, ni ule mwili mwembamba usioonekana unaoambatana na nafsi ya mtu mmoja, wenyewe wakiita jiva inayosafiri. Karma maana yake ni tendo, na tendo lina mtendaji.

Sasa niulize: jimbo la uchaguzi lina jiva? Mtwara Mjini ilizaliwa lini, itakufa lini, na itazaliwa tena ikiwa wilaya gani? Jimbo ni mipaka iliyochorwa na tume, inayoweza kuchorwa upya kesho. Ndani ya mipaka hiyo mwaka 2015 kulikuwa na waliompigia mshindi, waliompigia aliyeshindwa, waliobaki nyumbani kwa homa, na watoto wasio na kura. Msimu wa 2018 haukuwabagua. Mjane aliyekipigia chama kilichotawala alikaa na magunia yake ghalani sawasawa na jirani yake wa upinzani. Karma ya nani hiyo, inayomlipa mtu kwa kura ya mwenzake?

Hata hesabu yenyewe haikubali. Kura zilipigwa Oktoba 2015. Msimu wa 2017 bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mashahidi ni mabati mapya kuanzia Tandahimba hadi Ruangwa. Ikiwa kura zilituadhibu 2018, mbona zilitutajirisha 2017? Yaliyotokea 2018 yana maelezo ya hapa hapa duniani: wanunuzi walileta mnadani bei ambazo wakulima walizikataa, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yakapewa kazi ya kusomba. Nani alilipwa mapema, nani alicheleweshwa na kwa sababu gani, hayo ni maswali yenye majibu, na yana watu wanaopaswa kuyajibu. Mtu anapoyaita karma, anawaondolea watu hao swali na kulipeleka kwa mkulima.

Hilo ndilo linaloniuma. Naombeni michango yenu, hasa kwa wanaolijua fundisho hili kwa kulelewa nalo.

Shamba la Newala

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na nakushukuru kwa chumvi ile, lakini naomba kutofautiana nawe. Sisi tuliolelewa juu ya uwanda wa Makonde hatukuhitaji Wahindu kutufundisha kwamba ardhi hulipa kisasi kwa pamoja. Babu zetu walipokosa mvua walimwaga unga chini ya mti na kuuliza nani amekosea, na mara nyingi aliyetafutwa alikuwa mkubwa wa eneo. Adhabu ilikuwa ya wote kwa kosa la mmoja. Mwaka 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara pale Somanga, wapo wazee wenye heshima zao waliosema kuna jambo tumelitenda. Unawaambia wazee hao hawajui? Na una hakika gani kwamba Wahindu nao hawasemi hivyo hivyo?

Mwandani wa Ligula

Kaka, siwadharau wazee, na swali lako ni la haki. Wahindu wenyewe waligombana juu ya jambo hili hili, na waliogombana hawakuwa watu wadogo.

Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Bihar na kuua maelfu ya watu. Mahatma Gandhi, aliyekuwa katika safari za kupinga kutengwa kwa watu wa chini kabisa katika matabaka ya Kihindu, wale walioitwa wasiogusika, alisema hadharani kwamba tetemeko lile ni adhabu ya Mungu kwa dhambi hiyo ya utengano. Rabindranath Tagore, mshairi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1913, na ambaye naye aliuchukia utengano ule, alimwandikia kumpinga. Gandhi aliichapisha barua hiyo katika gazeti lake la Harijan pamoja na jibu lake. Hoja ya Tagore ni kwamba mambo ya maumbile yana sababu za maumbile, na kwamba ukikubali kuyafunga na maadili kwa namna ile, wapinzani wako watakuja na maelezo yao wakisema tetemeko limeletwa na wewe unayevunja mila. Rungu lile lile, pande mbili. Kilichotokea kwenye mjadala wetu wa korosho alikwisha kukiona Tagore mwaka 1934.

Tena kaka, angalia waliokufa Bihar. Walikuwemo hao hao waliotengwa. Kama ilikuwa adhabu ya utengano, wao waliadhibiwa kwa kutengwa?

Kuhusu Somanga, nilikwama upande wa Nangurukuru siku hizo, na nilichokiona kwa macho yangu ni maji yaliyokula tuta la barabara mpaka lami ikabaki ikining'inia juu kama ulimi, huku chini hakuna kitu. Mzee mmoja tuliyekuwa naye alijifunga shuka, akasogea ukingoni, akautazama udongo ulivyomomonyoka kwa muda mrefu. Alichouliza ni makalavati yalikuwa na upana gani.

Mzaliwa wa Lindi

Ndugu yangu wa Ligula, salamu. Mimi ni Mhindu, nimezaliwa Lindi mjini karibu na ghuba, na baba yangu alisoma Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu, kila alfajiri kabla ya kufungua milango ya duka. Nashukuru kuona mtu anaandika habari zetu kwa heshima, maana mara nyingi tukitajwa mitandaoni ni kwa ile methali ya Baniani na kiatu chake. Lakini nina masahihisho mawili.

La kwanza ni dogo. Usiseme "Wahindu wanaamini" kana kwamba tuna kauli moja. Walimu wetu wakubwa watatu walitofautiana. Shankara alifundisha kwamba atman na Brahman, yaani uhalisi wote, ni kitu kimoja kisicho na pili. Ramanuja akasema nafsi ni nyingi na za kweli, nazo ziko ndani ya Mungu kama mwili wake. Madhva, katika karne ya 13, akasema Mungu na nafsi ni tofauti kabisa na zitabaki tofauti daima. Chumvi yako ya dukani ilionjeshwa na mtu aliyelelewa katika njia mojawapo tu, na Madhva angekueleza maneno yale yale ya Chandogya kwa maana nyingine kabisa.

La pili ni kubwa. Umesema karma haivuki kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Katika vitabu vyetu vya sheria za kale, huvuka, na mahali inapovuka ni penye utawala. Sheria za Manu zinasema mfalme anayewalinda watu wake hupata sehemu ya sita ya thawabu zao, na asiyewalinda hubeba sehemu ya sita ya dhambi zao. Sehemu ya sita si namba iliyookotwa, kwa maana vitabu hivyo vinataja sehemu ya sita ya mavuno kuwa kodi ya mfalme. Anayechukua debe moja katika kila madebe sita ya mtama wako amechukua pia sehemu ya mzigo wa nafsi yako.

Kwa hiyo wale wanaosema karma na siasa hazikutani wamekosea, na wale wanaosema wananchi ndio wanaolipia uovu wa watawala wamegeuza mto ukapanda mlima. Kwa mujibu wa Manu, deni linapanda kwenda juu. Mwenye kiti ndiye anayelibeba.

Mwandani wa Ligula

Dada, nimesoma jibu lako mara tatu. Nakubali kwamba nilikosea, na nafuta ile kauli kwamba karma haivuki kamwe. Ila unaona umeipa hoja yangu nguvu kuliko nilivyoweza mimi mwenyewe. Hapa kwetu makato ya korosho yanasomwa kwenye stakabadhi ya mkulima moja baada ya jingine: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya halmashauri, na mengine. Kwa hesabu ya Manu kila aliyekata shilingi hapo amekata na sehemu ya jukumu.

Kijana wa Nachingwea

Wakubwa, shikamooni. Naona mnalipamba fundisho hili. Ni karma hiyo hiyo iliyotumika kwa karne nyingi kumwambia mtu kwamba amezaliwa tabaka la chini kwa sababu ya makosa ya maisha yaliyopita, kwa hiyo avumilie, asichote maji kisima cha wenzake. Na hizo Sheria za Manu zilizotajwa hapo juu ndimo tabaka lilimopigwa muhuri. Kama atman ni moja kwa wote kama chumvi majini, mbona kisima hakikuwa kimoja? Mimi naona fundisho la roho lilishindwa kazi yake, na watu wa Kusini hatuna sababu ya kuliazima kwa lolote.

Mzaliwa wa Lindi

Marahaba, mdogo wangu. Umesema kweli kuhusu Manu, na sitakuficha. Mwaka 1927 kule Mahad, Bhimrao Ambedkar, kiongozi wa hao waliotengwa, na wenzake walikichoma kitabu hicho hadharani, mwaka ule ule waliokwenda kunywa maji ya bwawa la mji ambalo watu wao walikuwa wakizuiwa kulitumia. Niliponukuu sehemu ya sita sikukusudia kukitakasa kitabu kizima.

Ambedkar huyo ndiye aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Kifungu cha 17 cha katiba hiyo kilifuta utengwaji, na kila mtu mzima akapewa kura, awe bwana au mfagiaji. Tarehe 25 Novemba 1949 aliliambia bunge la katiba kwamba wanaingia katika maisha ya kupingana: katika siasa watakuwa na usawa, mtu mmoja kura moja na thamani moja, huku katika jamii na uchumi wakibaki na ukosefu wa usawa. Oktoba 1956 alitoka katika Uhindu akaingia dini ya Buddha mjini Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi. Dini hiyo haikubali kabisa kuwapo kwa atman. Alikata tamaa na roho yetu, hakukata tamaa na kura. Nakiri hilo linaniuma, na nimelifikiria miaka mingi.

Mwandani wa Ligula

Mdogo wangu wa Nachingwea, hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike, ingawa sikujua tungefika kwa njia hii. Upanishadi zilisema kiini ni kimoja kwa wote, na maneno hayo yakakaa maelfu ya miaka pamoja na visima viwili. Kilicholazimisha usawa, angalau kwa siku moja katika miaka mitano, ni daftari la wapiga kura, karatasi na sanduku. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa India, wa 1951 hadi 1952, ulikuwa na wapiga kura wapatao milioni 173, wengi wao wasiojua kusoma, wakachagua kwa alama za vyama. Mpaka leo maafisa wa uchaguzi huingia katika msitu wa Gir, Gujarat, wenye simba, kufungua kituo kwa ajili ya mpiga kura mmoja tu, kuhani wa hekalu. Mtu mmoja, sanduku zima. Sijaona ufafanuzi mzuri kuliko huo wa maana ya kusema kwamba nafsi moja ina thamani.

Nami si mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 2015 nilikuwa karani mwongozaji katika kituo kimoja cha Lindi mjini. Tulifungua saa 1:00 asubuhi. Nilimwona tajiri wa magari akisimama nyuma ya mama muuza dagaa, na alipojaribu kusogea mbele, mawakala wa vyama vyote kwa sauti moja wakamrudisha nyuma. Mama yule aliingia kituturini, akakaa humo muda mrefu, akatoka akiwa ameikunja karatasi yake ndogo kama hirizi.

Ustadhi wa Mikindani

Assalamu alaykum. Nina neno fupi. Msisahau kwamba jibu la swali hili tunalo nyumbani. Qurani inasema zaidi ya mahali pamoja kwamba mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine, na ndugu zetu Wakristo wanayo katika Ezekieli sura ya 18, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Anayesema watoto wa Mtwara wanaadhibiwa kwa kura za wazazi wao anapingana na dini hizi mbili kwa pamoja. Ninachotaka kumuuliza mleta uzi ni hiki: huoni hatari ya kuingiza mambo ya dini katika kura, iwe kwa kukubali au kwa kukataa?

Mwandani wa Ligula

Wa alaykum salaam, Ustadhi. Naiona, na sheria pia inaiona. Katiba yetu, ibara ya 20, inakataa kusajili chama chenye lengo la kukuza maslahi ya imani au kundi la dini. India nayo inakataza kuomba kura kwa dini, na Januari 2017 Mahakama ya Juu, majaji wanne dhidi ya watatu, iliamua kwamba katazo hilo linahusu dini ya mgombea na ya mpiga kura pia.

Wapiga kura nao wana akili zao. Tarehe 22 Januari 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi aliongoza sherehe za kuzindua hekalu la Ram huko Ayodhya, mahali uliposimama msikiti wa Babri uliobomolewa na umati tarehe 6 Desemba 1992. Wengi walidhani hekalu lingezoa kura zote za hapo. Matokeo yalipotangazwa mwezi Juni, chama chake cha BJP kilipata viti 240 kati ya 543, na jimbo la Faizabad, ambamo Ayodhya imo, likachukuliwa na mgombea wa chama cha Samajwadi, mtu wa jamii ya Dalit, waliokuwa wakiitwa wasiogusika. Watu wale wanamwabudu Ram asubuhi na jioni. Hawakuwa wamebadili dini ndani ya miezi mitano. Ila katika kituturi waliingia na mambo mengine pia: nyumba zilizovunjwa kupanua barabara ya kwenda hekaluni, fidia, kazi.

Shamba la Newala

Nimewafuatilia wote. Kuhusu mvua bado nina yangu na wazee wangu, lakini kuhusu korosho narudisha kauli. Niliwahi kuandika neno hilo la karma mimi mwenyewe, kwa hasira, baada ya kusubiri malipo yangu mpaka watoto wakarudishwa nyumbani kutoka shuleni. Dada wa Lindi, nina swali moja la mwisho, kama halikukeri. Baba yako, kwa imani hiyo ya kuzaliwa tena, alipiga kura kwa ajili ya nini, ikiwa hapa ni mahali pa kupita tu?

Mzaliwa wa Lindi

Halinikeri, kaka. Nilimuuliza swali hilo hilo asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 2015, kwa sababu alikuwa mgonjwa na tulimkataza kutoka. Alinijibu kwa ule ubeti wa Gita usemao kwamba haki yako iko katika tendo, matunda yake si yako kamwe. Tukamsindikiza na kiti cha plastiki, vijana wa mtaani wakampisha, akapiga kura, akarudi akaomba chai.

Alifariki wiki ya tatu ya Novemba. Tulipomwogesha, sisi na majirani waliokuja kusaidia, kaka yangu alijaribu kukisugua kidole chake kwa ndimu ili kiwe safi, kwa kuwa mwili huandaliwa vizuri kabla ya moto. Wino haukutoka. Ulikuwa umesogea kidogo kuelekea ncha ya ukucha, kwa kadiri ukucha ulivyokua tangu siku ile. Gita inasema nafsi huuvua mwili kama mtu avuavyo nguo iliyochakaa, nasi tuliichoma nguo ile ikiwa na doa hilo, na majivu tukayapeleka kwenye ghuba wakati maji yakitoka.